Madaftari Mawili ya Uvira: Pampu Ikisimama, Vitanda Vinajaa

Uvira, mashariki ya Kongo, ni mji uliobanwa. Nyuma yake milima ya Mitumba inapanda ghafla, mbele liko Ziwa Tanganyika, na katikati umebaki ukanda mwembamba ambamo watu zaidi ya laki mbili wamejenga, kuanzia bandari ya Kalundu kusini hadi Kavimvira karibu na mpaka wa Burundi. Usiku usio na ukungu unaziona taa za Bujumbura ng'ambo ya pili. Maji yapo kila upande unaogeuzia uso: ziwa la pili duniani kwa kina, pamoja na mito inayoshuka kwa kasi kutoka milimani, Mulongwe, Kalimabenge, Kavimvira. Hata hivyo kipindupindu hakijauhama mji huu tangu kilipoingia mashariki ya Kongo mwishoni mwa miaka ya 1970. Hupungua, hurudi, hupungua tena. Watu wamekizoea kama wanavyoizoea mvua ya masika.

Ningeweza kuandika juu ya Goma ya 1994, na kwa kawaida ndicho kisa kinachotajwa kwanza kila yanapozungumzwa maji na vita. Katikati ya Julai mwaka ule, katika siku chache tu, Wanyarwanda kati ya 500,000 na 800,000 walivuka mpaka wakaingia Kivu Kaskazini. Tarehe 20 Julai kipindupindu kikathibitishwa. Ardhi ni mwamba wa volkano, haichimbiki choo wala kaburi. Katika wiki ya kwanza maji yaliyogawiwa yalikuwa wastani wa lita 0.2 kwa mtu kwa siku, yaani chini ya kikombe kimoja. Kufikia mwisho wa mwezi wa kwanza watu wapatao 50,000 walikuwa wamekufa, wengi wao kwa kuhara. Aibu ya Goma ndiyo iliyoyasukuma mashirika ya misaada kukaa chini na kuandika viwango vya Sphere, mradi ulioanza 1997: lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, bomba moja lisihudumie zaidi ya watu 250, choo kimoja kisizidi watu 20.

Lakini Goma ilituachia pia picha mbaya ya kufikiria: kambi, mahema meupe, maboza ya maji, wazungu wenye fulana za nembo. Mtu akisikia "maji katika eneo la vita" anaiona kambi. Watu wengi wanaoishi na vita mashariki ya Kongo hawako kambini. Wako mjini, katika nyumba zao au za shemeji zao, wakinywa maji ya bomba pale yanapotoka. Uvira ni mji wa namna hiyo, na ndiyo maana nimeuchagua.

Vita yenyewe haihitaji maelezo marefu. Oktoba 1996 makambi ya wakimbizi yaliyouzunguka Uvira yalivunjwa pale vita ya kwanza ya Kongo ilipoanzia. Agosti 1998 vita ya pili. Oktoba 2002 mji ulishikwa kwa siku chache na wanamgambo wa Mai-Mai, ukapokonywa. Septemba 2017 wapiganaji walikaribia tena, wengine kwa mashua ziwani. Katikati ya hayo yote kulikuwa na mapigano ya milimani yasiyokwisha, na kila mara watu wa vijijini walishuka na magodoro kichwani. Katika miaka yote hiyo mtambo wa kusafisha maji wa Regideso, shirika la maji la serikali, ulikuwa ukifanya kazi, au ukisimama, au ukifanya kazi saa kadhaa na kusimama tena.

Daftari la mtambo na daftari la wodi

Mtambo unachota maji ya mto Mulongwe. Yanatiwa dawa ya kugandisha tope, yanatulizwa, yanachujwa, yanatiwa klorini, kisha pampu zinayapeleka kwenye mtandao wa mji. Kila hatua ina kitu chake cha kukosekana. Mvua ikinyesha milimani mto unakuja mwekundu na dawa ya kutulizia tope inaisha haraka. Klorini inaagizwa kutoka mbali. Zaidi ya vyote kuna umeme. Umeme wa Uvira unatoka mabwawa ya mto Ruzizi, upande wa Bukavu, kwa laini ndefu inayopita bonde ambalo majeshi yamekuwa yakipishana humo kwa miaka thelathini. Laini ikizima, pampu zinazima. Jenereta inaweza kuwepo, lakini jenereta bila mafuta ni chuma cha kutundikia nguo.

Kila siku mtambo hunakili ni maji kiasi gani yamezalishwa. Kwingine kabisa, kwenye kituo cha matibabu ya kipindupindu cha hospitali kuu, wauguzi hunakili waliolazwa siku hiyo: umri, mtaa, tarehe. Kumbukumbu mbili, majengo mawili, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuzilinganisha.

Alizilinganisha Aurélie Jeandron na wenzake wa chuo cha afya ya kitropiki cha London, wakafanya hesabu ya miaka mitano, 2009 hadi 2014, na kuchapisha matokeo 2015. Swali lao lilikuwa jepesi kulisema: siku ambayo mtambo haukutoa maji, nini kilitokea wodini siku zilizofuata?

Jibu: katika siku 12 baada ya siku isiyo na maji ya bomba, wagonjwa waliodhaniwa kuwa na kipindupindu waliongezeka kwa asilimia 155 ukilinganisha na siku ambayo mtambo ulifanya kazi vizuri, yaani ulipotoa mita za ujazo 4,794. Kwa lugha ya wodini, pale ambapo ungelaza watu 10, unalaza 25. Katika jumla ya miaka hiyo mitano, karibu wagonjwa 23 katika kila 100 walilazwa kwa sababu ya uzalishaji kuwa chini ya kiwango hicho.

Wagonjwa 23 katika 100 hawakuhitaji dawa mpya, wala mwanasayansi, wala semina ya kunawa mikono. Walihitaji pampu izunguke.

Kwa nini siku 12 wakati kipindupindu huchukua saa chache hadi siku 5 kujionyesha? Kwa sababu ugonjwa haukomi kwa aliyechota maji. Siku ya kwanza bomba linakauka, lakini nyumba nyingi zina akiba, dumu moja au mawili kona ya jikoni. Siku ya pili akiba imekwisha, mtoto anatumwa ziwani. Siku ya nne mtoto anaharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele. Anayemhudumia ni mama au dada, ambaye anafua nguo zake na kisha anapika, katika nyumba isiyo na maji ya kunawa. Siku ya nane anaugua dada. Zile siku 12 zina mizunguko miwili ndani yake, na ule wa pili unatokea hata kama maji ya bomba yalirudi siku ya tatu.

Anayeugua sana anaweza kupoteza lita moja kwa saa. Asipotibiwa anaweza kufa kabla jua halijatua, na karibu nusu ya wagonjwa mahututi wasiotibiwa hufa. Akifikishwa kwenye dripu ya Ringer mapema, au akianza kunywa ORS, maji ya chumvi na sukari, angali na nguvu, hatari inashuka chini ya asilimia moja. Pengo hilo kati ya nusu na moja kwa mia mara nyingi ni suala la pikipiki: ipo usiku huo au haipo, na njia ina vizuizi vya wenye bunduki au haina.

Mtaa wenye mabomba mengi

Jambo lililonisimamisha katika hesabu ile halikuwa asilimia 155. Lilikuwa tofauti ya mitaa. Mitaa iliyotumia maji mengi ya bomba ilikuwa na wagonjwa wachache kwa jumla, kama ungetegemea. Lakini maji yalipokatika, mitaa hiyo hiyo ndiyo iliyoumia zaidi: wagonjwa waliongezeka karibu mara nne, 3.71 kwa usahihi, na sehemu ya ugonjwa wao iliyotokana na mtambo kuzubaa ilifika asilimia 31.4.

Mtu anaweza kulisoma hilo vibaya, akasema basi bomba lina hatari. La hasha. Mtaa usio na bomba, huko pembeni, huchota ziwani kila siku. Pampu ikizima au isizime, maisha yao hayabadiliki, na ugonjwa wao uko vilevile juu mwaka mzima. Mtaa wenye bomba umejipanga kuzunguka bomba. Hauna ndoo maalum ya kutibia maji, hauna klorini ya akiba, labda hata kinga ya wadogo wao haijaguswa na vimelea kama ya watoto wa ufukweni, na njia ya kwenda ziwani wanaijua wanaokwenda kuoga Jumapili. Maji yakikatika wanakuwa wageni wa ziwa.

Ukiupa mji bomba umeupa pia utegemezi wa bomba. Shirika linalokata utepe kwenye kioski kipya cha maji na kuondoka bila kuuliza nani atanunua mafuta ya jenereta mwezi wa saba limewahamisha watu kutoka hatari waliyoizoea hadi hatari wasiyoijua. Sisemi wasijenge. Nasema utepe ukatwe mwaka wa tatu.

Kuna uharibifu mwingine wa bomba linalokatika, usioonekana. Bomba lenye shinikizo linavuja kwenda nje. Likikosa maji, nafasi tupu inavuta ndani kile kilicho nje: maji ya mtaro, maji ya shimo la choo lililo hatua tatu kutoka hapo. Kwa hiyo maji ya kwanza kurudi, yale yanayotoka kwa kikohozi na upepo, yanaweza kuwa machafu kuliko yote ya wiki. Wanawake wa miji yenye mgao wanalijua hili bila kufundishwa. Utawaona wakiacha ndoo ya kwanza ya kahawia iende kudekia sakafu.

Dumu, sindano na boza

Maji yakikatika, jibu la haraka ni kituo cha klorini ufukweni. Kazi yake ni ndogo kiasi cha kuchekesha. Mama anapanda kutoka majini na dumu la lita 20, bidoni kama wanavyoita kule. Kijana aliyekaa kwenye kiti cha plastiki ana chupa ya klorini iliyochanganywa kwa nguvu ya asilimia 1 na bomba la sindano lisilo na sindano. Anavuta mililita 4, anazimimina ndani ya dumu, anafunga kifuniko, mama anatikisa. Hizo mililita 4 zinatoa miligramu 2 za klorini kwa kila lita. Maji yakiwa na tope, kipimo kinakuwa maradufu, kwa sababu klorini inakula uchafu kwanza na vimelea baadaye. Kisha kusubiri nusu saa kabla ya kunywa.

Nusu saa hiyo ndiyo inayoshindikana. Mtoto ana kiu sasa, jua ni kali, njia ni ya kupanda. Halafu kuna ladha. Watu hawapendi harufu ya klorini, na katika mji uliokwisha kuona majeshi ya rangi zote, mgeni anayemimina dawa kwenye maji ya watoto haulizwi tu ameajiriwa na nani. Anaulizwa anataka kutuua au anataka tusizae. Kijana wa kiti cha plastiki awe wa mtaa huo, mama yake ajulikane, au kituo kitakaa kitupu na wakina mama watachota mita mia mbele.

Kituo cha klorini kinaokoa watu, nakubali bila kusita. Ila tazama mzigo. Familia ya watu sita kwa kiwango cha lita 15 inahitaji lita 90 kwa siku, madumu manne na nusu, kilo 20 kila moja, kutoka ufukweni wenye viboko na mamba. Hakuna msichana atakayekwenda mara tano. Atakwenda mara mbili. Maji ya kunywa na kupika yatapatikana, na kitakachokatwa ni kunawa mikono, kufua nguo za mgonjwa, kuosha choo. Kampeni ya usafi inayopita mtaani wiki hiyo na kipaza sauti kuwaambia watu wanawe kwa sabuni inawatukana bila kukusudia.

Jibu la pili ni maboza. Hapa hesabu ya kidole inatosha. Siku nzuri katika miaka ile ya utafiti mtambo wa Uvira ulitoa mita za ujazo 4,794. Boza kubwa la kawaida hubeba 10. Kuziba pengo la siku moja ni safari 480. Hata ukishuka hadi kiwango cha dharura, watu 200,000 kwa lita 15, unataka mita za ujazo 3,000, safari 300 kila siku, kwenye barabara moja kuu ya mji, na mafuta ya dizeli yaleyale ambayo yangewasha jenereta ya mtambo. Boza linafaa kwa kambi, kwa hospitali, kwa shule iliyojaa waliokimbia. Kwa mji mzima ni picha ya kupendeza kwenye ripoti ya mfadhili.

Kwa hiyo kama ungeniuliza pipa la kwanza la dizeli linaloingia Uvira baada ya barabara kufunguliwa liende wapi, ningelipeleka Mulongwe. La pili hospitalini. La tatu ndipo tuzungumze magari.

Yasiyomalizwa na pampu

Hesabu ya Uvira ina mipaka yake, na ni vizuri kuitaja kabla haijageuzwa dini. Daftari la wodi linahesabu wanaodhaniwa kuwa na kipindupindu. Baadaye vipimo vya haraka vilipoanza kutumika katika kituo kilekile, ilionekana kwamba chini ya nusu ya waliolazwa walikuwa na kipindupindu chenyewe. Wengine walikuwa na kuhara kwa namna nyingine. Hilo halibatilishi kisa, kwa sababu kuhara kwa aina zote kunapita njia ileile ya dumu na mkono, lakini linapunguza kiburi cha takwimu. Pili, mtambo unaweza kusimama kwa sababu ya mvua kubwa, na mvua kubwa yenyewe inaeneza ugonjwa. Watafiti walizingatia mvua na majira katika hesabu zao, ila mtu anayeishi pale anajua kwamba mvua, umeme na bunduki mara nyingi huja pamoja.

Tatu, na ndilo zito: asilimia 23 si 100. Robo tatu ya wagonjwa wanabaki hata pampu ikizunguka usiku na mchana. Hapo ndipo linapoingia suala la vyoo.

Vyoo vya Uvira vinapigana na mahali. Juu, kwenye miteremko, ni mawe. Chini, karibu na ziwa, ukichimba mita mbili unakuta maji. Aprili 2020 mto Mulongwe ulivunja kingo, ukaua makumi ya watu, ukabomoa nyumba kwa maelfu na kuharibu miundombinu ya maji ambayo wahisani na Regideso walikuwa katikati ya kuikarabati. Miaka iliyofuata ziwa lenyewe lilifura hadi kuingia mitaa ya chini, likapita juu ya mashimo ya vyoo kana kwamba hayapo. Hapo choo na kisima vinakuwa kitu kimoja. Mashimo yaliyoinuliwa juu ya ardhi kwa matofali, au mapipa yanayobadilishwa na kunyonywa, yanawezekana, lakini yanataka gari la kunyonya, mahali pa kumwaga, na mtu wa kulipwa kila mwezi. Tunarudi palepale: si ujenzi, ni mshahara.

Chanjo ilitumika pia mwaka huo wa 2020. Ufuatiliaji uliofanyika Uvira ulionyesha kwamba dozi moja tu ilipunguza hatari kwa kidogo zaidi ya nusu kati ya mwezi wa 12 na wa 17, na hata mwaka wa tatu bado kinga ilikuwa juu ya asilimia 40. Kwa mji ambao dozi ya pili hukuta nyumba imehama, hiyo ni habari njema. Chanjo inanunua muda. Nani atautumia muda huo ni swali la bajeti.

Ziwa nalo halijui mpaka. Mei 2015 Warundi makumi ya maelfu walikimbilia Kagunga, kijiji cha Kigoma kilichobanwa kati ya mlima na maji kama Uvira ilivyobanwa, na kipindupindu kikawaka hapo hapo ufukweni walipokunywa na kujisaidia. MV Liemba, meli kongwe kuliko watu wote waliokuwa ndani yake, ilitumika kuwahamishia mjini Kigoma. Hapo hapakuwa na mtambo wa kusimama. Hapakuwa na kitu. Nakitaja kisa hicho ili ieleweke kwamba boza na klorini ya ufukweni vina mahali pake. Kosa ni kuyapeleka majibu ya Kagunga Uvira, na ndivyo inavyofanyika mara nyingi, kwa kuwa ghala la misaada lina madumu na mahema, halina transfoma.

Mji ukibadilisha mikono

Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Goma. Umeme ulikatika, mabomba yakakauka, na kwa siku kadhaa mji mzima ulikuwa Ziwa Kivu na madumu ya njano. Februari ikawa Bukavu. Serikali ya mkoa wa Kivu Kusini ikahamia Uvira, pamoja na wanajeshi waliorudi nyuma na familia zilizowakimbia wanajeshi hao na waasi waliowafuata. Mtandao wa maji uliokuwa ukizidiwa na wenyeji ukapokea wote hao. Desemba 2025 M23 wakaingia Uvira yenyewe, na makumi ya maelfu ya watu wakavuka kwenda Burundi, wengine wakilala nje mvua ikinyesha.

Itifaki ya Pili ya Geneva ya 1977, ibara ya 14, inakataza, katika vita vya ndani ya nchi, kushambulia au kuharibu mitambo ya maji ya kunywa kwa lengo la kuwaua raia kwa njaa. Aprili 2021 Baraza la Usalama lilipitisha azimio 2573 kuhusu jambo hilohilo. Ni maandishi mazuri. Tatizo ni kwamba Uvira haikuhitaji bomu kudondoka kwenye mtambo. Inatosha laini ya umeme ianguke Ruzizi na fundi azuiwe kwenye kizuizi cha barabarani. Inatosha lori la klorini likae mpakani siku tisa, au mkusanyaji wa ada aogope kupita mtaani, au mhasibu akimbilie Bujumbura. Hakuna kamanda atakayeshtakiwa kwa lolote kati ya hayo.

Kwa sababu hiyo nadhani mazungumzo na wenye silaha yanapaswa kuwa madogo na ya wazi kuliko yanavyokuwa. Badala ya kuwaomba "waheshimu raia," waombwe majina matano ya mafundi wapite na vifaa vyao kwenye vizuizi vitatu vinavyojulikana, na lori moja la klorini na mafuta kila wiki mbili, bila ushuru. Kamanda anakunywa maji yaleyale. Askari wake wanaharisha kama wengine, na kambi ya jeshi yenye kuhara haipigani. Hiyo ni hoja anayoielewa bila kusomewa ibara.

Upande wa mji wenyewe, kitu cha kwanza ningekitaka ni cha bei ya vocha ya simu. Siku ambayo pampu zinasimama, fundi wa zamu Mulongwe ampigie muuguzi wa zamu kwenye kituo cha kipindupindu, saa ileile, amwambie mtambo umesimama saa ngapi na mitaa gani itakauka kwanza. Muuguzi ana siku mbili, labda tatu, kabla ya mgonjwa wa kwanza. Katika siku hizo anahesabu dripu za Ringer na kuagiza zinazopungua, anatandika vitanda vya kipindupindu, vyenye tobo katikati, alivyovikunja, anachanganya klorini ya sakafu na ya ndoo, anawapigia vijana wa sindano waende ufukwe wa mtaa wenye mabomba mengi, maana kule ndiko wageni wa ziwa watakakoteremkia. Na pampu zikirudi kuzunguka, fundi apige tena. Muuguzi asikunje vitanda. Anaandika tarehe ya kukatika ukutani kwa chaki, anahesabu hadi 12.